Dereva wa Tatu wa Gari Namba Kumi na Saba

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja, na wanaolikalia wanajua nani akae upande gani ili lisipinduke. Liko kwenye kona, kati ya kibanda cha fundi simu na cherehani ya fundi nguo, na mbele yake Mama Birika hutua jiko lake kila asubuhi akawamiminia kahawa watu ambao, ukiwasikiliza, utadhani dunia imeachwa mikononi mwao waiendeshe. Upande wa tofali hukaa Mzee Gia, dereva mstaafu wa lori, kwa sababu yeye ndiye mzito. Jumatatu hiyo alifika wa mwisho, akasalimia kwa mdomo nusu, akapokea kikombe akakishika kwa mikono miwili kama mgonjwa. Jana yake alikuwa amefanya jambo, hakumwambia mtu, na bahati mbaya jambo hilo hilo ndilo lililokuwa mezani.

— Yule hakuwa dereva, alikuwa anasema Bando. Yule alikuwa msiba.

Bando ndiye fundi simu. Wamempa jina hilo kwa kuwa simu yake haikosi intaneti, na Jumapili mchana benchi zima hujazana kibandani kwake kuangalia chochote kinachosogea. Jana walikuwa wameangalia mashindano ya magari ya kompyuta, yale ambayo mtu anakaa nyumbani kwake na usukani na pedali, gari linakimbia kwenye kioo, na mwenzake aliye mji mwingine anakimbia naye kwenye barabara hiyo hiyo. Waliyaangalia kwa sababu moja tu: gari namba kumi na saba lilikuwa la binti yake Mzee Gia.

— Tangu saa sita mchana gari linakwenda vizuri, Bando aliendelea. Nafasi ya sita kati ya magari thelathini. Dereva wa kwanza hodari kabisa. Saa nane wanabadilishana, mimi nasema haya sasa, binti yetu huyo anaingia. Anaingia nani? Anaingia mtu anayeendesha kama amebeba mayai.

— Mayai ya kuazima, alisema Kamusi.

Kamusi ni fundi nguo, mwenye methali kwa kila jambo, ila methali na jambo mara nyingi hazijuani.

— Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, aliongeza. Na lile gari mliliona. Lilikuwa linajitembeza.

— Sita, tisa, kumi na nne, kumi na tisa, Bando alihesabu kwa vidole mpaka vikamwishia. Dakika thelathini. Halafu bando likakata.

— Likakata kwa aibu, alisema mtu wa tatu.

Huyo wa tatu wanamwita Komandoo. Alikuwa mlinzi wa getini miaka kumi na minane, na katika miaka yote hiyo hakukamata mwizi hata mmoja, ndiyo maana sasa anawaona kila mahali.

Mzee Gia alipiga funda moja la kahawa. Ilikuwa ya moto mno, akaimeza hivyo hivyo.

Kwa maana dereva huyo wa mayai alikuwa yeye.

Haikupangwa hivyo. Timu ilikuwa na watu wawili tu wa kweli, binti yake na mwenzake fulani wa upande wa pili wa mji, ambaye walijuana kwa sauti tu. Lakini kanuni za ligi zilitaka majina matatu, na binti akamwandika baba yake wa tatu, wakacheka. Ili jina likubalike ilibidi mzee azunguke mara kumi bila kupotea. Akazunguka. Kiti chenyewe alikijua kuliko mtu yeyote: kilikuwa kiti cha lori lake la mwisho, aliloliendesha miaka kumi na moja, na kampuni ilipoliuza kwa kilo alikiomba kiti akapewa. Binti yake alikifunga kwenye fremu ya kitanda kibovu, mbele yake akaweka meza ya kupigia pasi, juu ya meza akabana usukani. Mama yake akawa anapiga pasi sakafuni na kulalamika.

Kisha wiki tatu zilizopita binti akapata kazi supamaketi.

— Mimi nilisema, alisema Kamusi. Siku ile ile alipopata kazi nilisema: mshika mbili moja humponyoka. Aache mchezo, ashike kazi. Ana kipindi cha majaribio cha miezi mitatu pale.

— Na mimi nilisema aache kazi, ashike mchezo, alisema Bando. Wenzake huko duniani wanakula kwa usukani.

— Wenzake wapi? Mtaje mmoja.

— Simjui kwa jina. Lakini anakula.

— Hajaacha chochote, alisema Mzee Gia.

Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo, na lilitoka na ukali kidogo. Benchi likamgeukia.

— Ratiba ya zamu inabandikwa kwenye mlango wa stoo kila Alhamisi, alisema. Anaipiga picha, anakuja nyumbani, anaiweka pembeni mwa ratiba ya ligi. Panapogongana, anabadilishana na wenzake. Jumapili ya jana kaipata kwa Jumamosi tatu. Kachukua zamu za watu watatu ili atoke saa saba. Na kazini hajachelewa hata siku moja. Anafika kabla mlango haujafunguliwa, anapanga maziwa: ya zamani mbele, mapya nyuma. Wiki ya kwanza tu alitoa rafuni katoni nzima ya mtindi uliokwisha muda, waliokuwepo miaka walikuwa wanaupita.

— Sasa hapo ndipo ulipoanza uadui, alisema Komandoo, akajivuta mbele. Sikilizeni.

Mama Birika akamwongezea kahawa, maana Komandoo akisema sikilizeni kikombe kimoja hakitoshi.

— Mtu mpya anaingia kazini. Anafichua mtindi. Nani aliuacha pale? Msimamizi. Msimamizi anafanya nini? Anatabasamu. Anasubiri. Anachunguza udhaifu wa binti ni nini. Anaambiwa: magari. Sasa mimi nawauliza, jana kwa nini binti hakutoka saa saba?

— Lori la mizigo lilichelewa, alisema Mzee Gia. Lilitakiwa kufika asubuhi, likafika saa saba kasoro. Msimamizi akasema hakuna anayetoka mpaka katoni ziingie stoo.

— Umeona, alisema Komandoo.

— Nimeona nini?

— Lori halikuchelewa. Lilicheleweshwa.

Mzee Gia alikitazama kikombe chake. Miaka thelathini na moja alipeleka mizigo kwenye maduka ya watu, na sababu za lori kuchelewa alizijua zote, kuanzia pancha hadi dereva kulala kwa shemeji. Jana alimlaani dereva huyo kwa majina ambayo hajayatumia tangu astaafu. Simu ya binti ilikuwa imeingia saa nane kasoro dakika kumi. Kwenye stoo simu haziruhusiwi, kwa hiyo alikuwa amejibanza kwenye mlango wa nyuma, na sauti ilikuwa ya mtu anayekimbia akiwa amesimama.

“Baba, lori lilichelewa, bado tunashusha katoni. Siwezi kuondoka nikawaachia wenzangu. Na mwenzangu saa nane anatakiwa kushuka, kanuni hairuhusu mtu kukaa zaidi ya saa mbili. Tukikosa mtu gari linatolewa. Kaa kwenye kiti, baba. Usimguse mtu. Usishindane na mtu. Wewe endesha tu, mimi nakuja.”

Usishindane na mtu. Neno hilo lilimchoma. Ilikuwa kama kuambiwa mzee, wewe shika tu nafasi kama kofia juu ya kiti. Akakaa hata hivyo. Akawaona wale vijana wanakuja nyuma yake kama nyuki, akafanya alichokuwa akifanya kwenye barabara za milima na tani ishirini mgongoni: akawasogelea pembeni, akawapigia taa, pita bwana, pita. Wakapita. Pembeni mwa kioo namba ya nafasi ikawa inapanda, na kila ilipopanda alihisi joto shingoni. Wanane wa kwanza tu ndio wangeingia ligi ya juu. Binti yake alikuwa ameisubiri ligi hiyo mwaka mzima, na yeye alikuwa anaigawa njiani kama peremende.

Saa nane na dakika arobaini mlango ukafunguka. Binti akaingia na sare ya kazi, jina lake kifuani, vumbi la katoni mpaka kwenye nyusi. Akasema neno moja tu, “Toka,” mzee akatoka, binti akazama kitini. Mzee hakuweza kubaki aone. Alivaa viatu akaenda kutembea, akatembea mpaka mitaa asiyoijua, na aliporudi giza limeingia binti alikuwa amelala, sare imenyooshwa, kwa kuwa alikuwa na zamu ya kufungua duka. Mkewe alipomuuliza matokeo alisema, mambo ya magari ya kwenye kioo mimi siyajui, kamuulize mwanao. Alfajiri binti akawa ameshaondoka.

Basi mzee hajui. Na anaogopa kujua.

— Mimi nina maoni tofauti, Bando alisema. Yule hakuwa mtu. Ilikuwa mashine. Siku hizi ukiondoka kwenye kiti kompyuta inajiendesha yenyewe. Ndiyo maana ilikuwa na adabu vile. Mmeona wapi binadamu anawapigia watu taa wapite kwenye mashindano?

— Mashine haina adabu, alisema Kamusi. Yule ni dereva wa gari la kubeba maiti. Nimeshonea nguo watu wa kazi ile, nawajua. Hana haraka kwa sababu abiria wake hana haraka. Mwenda pole hajikwai.

Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huo methali ya Kamusi kuangukia mahali pake, na hakuna aliyegundua, hata yeye.

— Nyote mmekosea, alisema Komandoo. Pale palikuwa na mtu aliyepandikizwa. Msimamizi wa supamaketi ana shemeji. Shemeji ana usukani. Lori linacheleweshwa, binti anafungiwa stoo, shemeji anaingia kwenye gari namba kumi na saba, analirudisha nyuma taratibu mtu asishtuke. Binti anakata tamaa na mchezo, anabaki kupanga mtindi maisha yake yote. Na mtindi ule ule uliokwisha muda.

— Kumbe, alisema Bando, ambaye alikuwa ameanza kuamini.

— Labda alikuwa analitunza gari, alisema Mzee Gia.

Kikaja kicheko kikubwa kiasi kwamba Mama Birika aliliinua jiko lisije likapigwa teke.

— Mzee Gia, gari la kwenye kioo linatunzwa nini? Litapata kutu?

— Nasema labda.

— Unamtetea kwa kuwa na wewe ulikuwa dereva, alisema Kamusi. Lakini wewe ulikuwa dereva bwana. Miaka thelathini na moja. Ungekuwa wewe kwenye kiti kile jana, tungekuwa tunazungumza mengine. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Hapo ndipo Mzee Gia alipotakiwa aseme. Badala yake alinyoosha kikombe aongezewe, na kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Wakati huo alikuwa amesimama pembeni mwa jiko mwanamke mmoja wa miaka arobaini na kitu, viatu vyeupe vya mpira, sweta juu ya gauni la uuguzi, macho ya mtu aliyekesha kazini. Alikuwa ameomba kahawa bila sukari na kuinywa kimya, akisikiliza. Benchi lilimchukulia kuwa mpita njia, na mbele ya mpita njia benchi hupandisha sauti.

— Dada yangu, hebu amua wewe, alisema Bando. Unakabidhiwa gari likiwa la sita. Unaliachia likiwa la kumi na tisa. Wewe ni dereva au ni ajali?

Mwanamke alimeza funda lake.

— Alimgonga nani? aliuliza.

— Nani?

— Huyo dereva mnayemsema. Katika muda wote aliokaa. Alimgonga nani?

Bando aliangalia juu kama mtu anayetafuta namba ya simu kichwani.

— Kulikuwa na lile jekundu pale kwenye kona ya daraja.

— Lile jekundu lilijigonga na la bluu, alisema Kamusi. Yeye aliwapita pembeni. Alipunguza kabisa, nakumbuka nilimtukana.

— Alitoka nje ya barabara basi, alisema Komandoo.

— Wapi?

Komandoo hakupajua. Alikuwa na jibu kwa shemeji, kwa lori na kwa mtindi, ila kwa hilo hakuwa nalo.

— Hakuna, alisema Mzee Gia. Sikumgonga mtu.

Ilichukua muda kidogo neno lile kuwafikia. Lilimfikia Kamusi kwanza.

— Sikumgonga?

— Nilikuwa mimi. Nilikaa dakika arobaini. Sikumgonga mtu na sikutoka nje ya barabara.

Mwanamke aliweka kikombe chini, akafuta mikono kwenye sweta, akapiga goti kidogo.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mwanangu.

— Mimi ndiye dereva wa kwanza. Nimetoka zamu ya usiku hospitali, nimeona nisilale kabla sijakushika mkono. Nimefika nyumbani kwako mama akaniambia upo kijiweni.

Bando, ambaye mchana kutwa wa jana alikuwa amemsifia dereva wa kwanza akimwita kijana hodari, alitafuta kitu cha kutengeneza mfukoni mwake.

— Mwanangu, alisema Mzee Gia. Nimeliangusha gari lenu. Nililipokea la sita.

— Binti yako hakukuambia habari ya alama?

— Aliniambia nisimguse mtu. Nikajua ananiona siwezi.

Muuguzi alitikisa kichwa polepole, kama anavyofanya kwa mgonjwa aliyemeza dawa sahihi akidhani kakosea.

— Baba, ukigusa gari la mtu unapewa alama ya kosa. Ukitoka barabarani, alama. Zikifika thelathini unatolewa. Mimi kona ya kwanza nilibanwa na watu wanne, na baada ya hapo nikawa na hasira, naendesha kwa hasira. Nilipokukabidhi tulikuwa na ishirini na tisa. Ungemgusa mmoja tu, tena hata kwa kosa lake, tulikuwa tumekwisha. Na ukikaa nusu saa bila kosa wanakufutia alama kumi. Umetufutia kumi. Binti yako alipoingia alikuwa na nafasi ya kupigana. Bila hizo kumi angekaa nyuma ya watu kwa adabu mpaka jioni.

— Alipigana? mzee aliuliza.

— Tumemaliza wa tano. Magari kumi na moja hayakufika mwisho, na karibu yote ni ya wale uliowapigia taa wapite. Tumeingia ligi ya juu.

Uso wa Mzee Gia ulikuwa unafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na kwa mtu mzima wa umbo lile ilikuwa taabu kuangalia, kwa hiyo wenzake waliangalia barabara. Alikuwa na furaha.

— Mimi nilijua, alisema Komandoo.

— Nyamaza wewe, alisema Mama Birika.

— Na yeye? mzee aliuliza tena, chini chini. Amesemaje? Jana hakuniambia kitu. Aliniambia toka.

— Baba, aliingia gari likiwa linakwenda. Ulitaka akusomee risala? Jioni alikusubiri mpaka akasinzia. Mimi asubuhi hii nimepitia supamaketi nimwone, mwaka mzima namsikia sauti tu. Yuko kaunta namba nne. Foleni imefika kwenye sabuni. Nikadhani mashine imeharibika. Kumbe kila mteja anayempigia hesabu anamsimulia, wewe umeshika usukani, magari yanagongana kushoto na kulia, unapita katikati bila mkwaruzo. Msimamizi amekuja kumwambia afanye haraka, naye akaanza kusimuliwa. Nimemwacha ameegemea kaunta anasikiliza.

— Yule msimamizi? alisema Komandoo.

— Yule yule. Aliniuliza kama mzee huyo angekubali kazi, maana lori lao la mizigo linachelewa kila wiki.

Kamusi alijikohoza. Ilionekana anatafuta methali, na wenzake wakamsubiri kwa heshima, kwani kweli hapo palihitaji moja. Midomo yake ilisogea mara mbili. Mwishowe alichukua kikombe chake mwenyewe, ambacho hakuwa amekigusa, akakiweka mbele ya muuguzi.

— Kunywa mwanangu, alisema. Umekesha.

Mzee Gia alisimama. Kamusi na Bando walidaka benchi kabla halijalala. Alijifuta suruali, akaivuta kofia mbele, akaitoa kabisa, akaivaa tena, kisha akaanza kushuka ule mtaa wa kuelekea supamaketi.

— Unakwenda wapi sasa? aliuliza Bando. Kaa utusimulie bwana, ile kona ya daraja ulifanyaje?

— Nakwenda kununua chumvi.

— Chumvi nyumbani imekwisha?

— Ipo, alisema Mzee Gia, na hakugeuka.